Watoto Watalala Wapi? Siku Sita Nikiutafuta Mji wa Kikristo wa Kesho

Siku ya kwanza: Herrenberg

Treni ya S1 kutoka Stuttgart inaishia hapa Herrenberg, kwa hiyo hata ukisinzia hupitilizi. Nimeshuka saa nne asubuhi nikiwa na begi la mgongoni, daftari, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonileta. Mwezi uliopita niliwaambia watoto ninaowafundisha Jumapili wachore mji wa Kikristo wa miaka mia moja ijayo. Nilipata nilichotegemea: barabara za dhahabu, milango 12, malaika wenye mabawa makubwa kuliko nyumba, na mto wa maji ya uzima uliopakwa buluu hadi karatasi ikatoboka. Mmoja wao, ana miaka saba, alichora kitanda. Wenzake walichora mto wa maji, yeye akachora mto wa kulalia. Nikamwuliza mji uko wapi. Badala ya kunijibu akaniuliza yeye: "Mwalimu, huko sisi watoto tutalala wapi?" Nikamwambia huko hakuna usiku. Jibu hilo limo katika Ufunuo, tena sura mbili za mwisho zinalirudia, lakini alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilikuwa Ujerumani kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na siku sita. Nikakumbuka kwamba katika kona hii ya Württemberg, ndani ya mwendo mfupi wa treni, kuna mtu aliyeubuni mji wa Kikristo kwenye karatasi, kuna mtawala aliyeujenga kwa mawe, na kuna kijiji kilichojaribu kuishi humo. Nikaona heri nikaulize swali la mtoto mlango kwa mlango.

Aliyeubuni alizaliwa hapa Herrenberg tarehe 17 Agosti 1586: Johann Valentin Andreae, mtoto wa mchungaji na mjukuu wa mwanatheolojia mkubwa wa Kilutheri. Kanisa la alikozaliwa limekaa juu ya mji, kwenye mteremko wa kilima. Wenyeji huliita kuku wa Gäu, jina la eneo hili, maana limeuatamia mji kama kuku na vifaranga vyake. Zamani lilikuwa na minara miwili. Udongo wa kilima ukashindwa kuibeba, na katika karne ya 18 ikaondolewa, ukawekwa mmoja wenye kofia ya mviringo kama kitunguu. Ndani ya mnara kuna makumbusho ya kengele. Nilipanda ngazi hadi magoti yakalalamika. Huko juu nikafungua daftari na kuanza kunakili vipimo vya mji wa Andreae.

Kitabu chake kilichapwa Strasbourg mwaka 1619 kwa Kilatini, miaka 103 baada ya Thomas More kuchapa cha kwake kilichowapa wazungumzaji wa lugha nyingi neno "utopia", yaani nchi kamilifu ya kubuni. Msimulizi wa Andreae anapanda chombo kiitwacho Njozi, kinavunjika baharini, na yeye anatupwa kwenye kisiwa chenye umbo la pembetatu. Kisiwa kinaitwa Caphar Salama, jina lililotoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo. Hapo nilitabasamu peke yangu. Wasomaji wa Kijerumani wanahitaji maelezo ya chini ya ukurasa kuelewa kwamba maana yake ni kijiji cha amani. Msomaji wa Kiswahili anafika na nusu ya jina tayari iko kinywani mwake.

Juu ya kisiwa upo mji wenyewe, Christianopolis. Una pande nne sawa, kila upande futi 700, na ngome nne pembeni. Katikati kuna hekalu la duara. Wananchi ni kama 400. Hakuna anayemiliki nyumba, nyumba ni za mji, na nyingi zina vyumba vitatu: cha kukaa, cha kulala na jiko. Hakuna anayetumia fedha kwa mahitaji yake. Kazi zinazochukiwa, kama ulinzi wa usiku na kutengeneza barabara, hufanywa na wote kwa zamu, msomi na fundi sawasawa. Mitaa ina taa usiku. (Kumbe kwa Andreae usiku upo. Mtoto wangu angemshinda mwalimu wake hapo hapo.)

Na watoto? Wakifika miaka sita wazazi huwakabidhi kwa mji, nao huishi shuleni, wavulana na wasichana. Andreae hakulipita jambo hili kijuujuu. Anataka walimu wawe watu bora kuliko wote, si mabaki ya kazi nyingine. Anataja chakula chao, nguo zao, hata vitanda vyao: viwe safi na vya kustarehesha.

Nimekipata kitanda siku ya kwanza tu! Nilishuka mnarani nikijiona mjanja.

Siku ya pili: Freudenstadt

Kutoka Herrenberg reli inapanda kuingia Msitu Mweusi kupitia Eutingen. Miti inazidi, nyumba zinapungua, halafu ghafla unatokea kwenye uwanja ambao haulingani na mji wenyewe.

Freudenstadt maana yake ni Mji wa Furaha. Mtawala Friedrich I wa Württemberg aliuanzisha mwaka 1599, na mchoro ukatoka kwa msanifu wake Heinrich Schickhardt: mraba ndani ya mraba ndani ya mraba, kama ule ubao wa mchezo ambao Wajerumani wanauita kinu. Katikati yake uwanja wa mita 219 kwa 216, mkubwa kuliko uwanja wowote wa soko katika Ujerumani. Wasomi wengi wanaamini kwamba Andreae alikuwa na mji huu akilini alipochora wa kwake, na ukisimama hapa hubishani nao.

Nilifanya jambo ambalo wapita njia waliliona la ajabu. Nilitembea upande mmoja wa uwanja kutoka kona hadi kona nikihesabu hatua kwa sauti, nikapata 291. Futi 700 za Andreae ni mita 200 na kidogo. Kwa maneno mengine, mji wake wote mtakatifu, pamoja na kuta, shule, maabara, maghala na watu wake 400, ungekaa ndani ya uwanja huu na bado ungebaki ukanda wa kupita mabasi. Kwenye kitabu ulionekana mkubwa. Hapa nimeuzunguka kabla kahawa yangu haijapoa.

Katikati ya uwanja palitengwa pajengwe kasri la mtawala. Friedrich akafa mwaka 1608 na kasri halikujengwa kamwe. Siku hizi pana maji yanayoruka kutoka ardhini na barabara inayokatiza. Sijaona mchoro ulioharibika vizuri kama huu. Mahali palipoandaliwa mtu mmoja wamepata watu wote.

Kanisa liko kwenye kona ya uwanja, nalo limepinda pamoja na kona, umbo la herufi L. Lilijengwa kuanzia 1601 hadi 1608. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, na mimbari ikawa kwenye pindo. Kila mtu alimwona mhubiri, na hakuna mwanamume aliyemwona mwanamke. Nilikaa upande wa wanaume dakika kumi, nikahamia upande wa wanawake dakika kumi. Kote unaona vizuri. Ila ukikaa humo kwa muda unaanza kumsikia yule msanifu akikuambia kwamba hakuamini. Mji wa watakatifu, na bado jengo limelazimika kuwashika shingo! Kuna kinara cha kusomea cha karne ya 12, cha mbao, kimebebwa mabegani na wainjilisti wanne. Nyuso zao zimechoka. Niliwapenda kuliko vyote nilivyoviona leo.

Jambo ambalo vitabu vya wageni vinalitaja kwa sentensi moja ndilo lililonikalisha kitako: mji huu ulijengwa kwa ajili ya wachimba madini ya fedha, na kwa ajili ya Waprotestanti waliofukuzwa Kärnten, Steiermark na Krain, nchi za watawala wa Habsburg. Wakimbizi. Mtawala alikuwa na hesabu zake, alihitaji mikono migodini, lakini aliwafungulia watu waliofika na vifurushi.

Sasa linganisha na lango la Christianopolis. Msimulizi wa Andreae ametoka baharini mtupu, hana hata shati. Wanampa chakula, halafu wanampitisha katika mitihani mitatu: mwenendo wake, utu wake, kisha elimu yake. Anaelezwa na watu ambao hawaruhusiwi kukaa: ombaomba, matapeli, waigizaji wasio na kazi, wadaku, na kadhalika. Ombaomba ndio wa kwanza kutajwa. Usiku huu nimeandika kwenye daftari: mji unamtahini mgeni mara tatu, mgeni anautahini mji mara ngapi?

Lazima niongeze kwamba karibu hakuna nyumba ya zamani katika nilizoziona leo. Mwezi Aprili 1945, vita ikiwa imebakiza wiki chache, Wafaransa waliupiga mji kwa mizinga na moto ukaula katikati yake. Ulijengwa upya kuanzia 1949, ukakamilika ndani ya miaka kama mitano, kwa kufuata mraba ule ule. Mchoro ulidumu kuliko mawe.

Siku ya tatu: Calw

Calw iko bondeni, mto Nagold umepita katikati, na juu ya daraja la mawe kuna kikanisa kidogo cha Mtakatifu Nikolasi kilichojengwa kama mwaka 1400. Watalii wengi huja kwa ajili ya mwandishi Hermann Hesse aliyezaliwa hapa 1877, na kuna sanamu yake amesimama kwenye daraja hilo hilo. Mimi nimempita tu, tusigombane.

Andreae alihamia hapa mwaka 1620, kitabu chake kikiwa na umri wa mwaka mmoja. Alikuja kuwa msimamizi wa makanisa ya eneo hili. Hapa hakukuwa na kisiwa wala raia 400 waliochujwa, bali wafuma nguo, wapaka rangi, walevi, wajane na njaa. Vita vya Miaka 30, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwaka 1621 aliwashawishi matajiri wa biashara ya vitambaa waweke mfuko wa pamoja wa kusaidia maskini, wagonjwa na wanafunzi. Mfuko ule ukaitwa wa wapaka rangi. Ukiniuliza mimi, ule mfuko ni kazi kubwa kuliko hekalu lake la duara, lakini hakuna anayeandika tasnifu juu ya mfuko.

Tarehe 10 Septemba 1634, siku chache baada ya Waprotestanti kushindwa vibaya Nördlingen, askari wa upande wa Kaisari waliingia Calw na kuiteketeza. Andreae alikimbia. Nyumba yake ikaungua, na pamoja nayo maktaba yake, maandishi yake na picha alizokusanya kwa miaka. Aliporudi alikuta majivu, na watoto wasio na wazazi. Akaanza kuandika barua kwa marafiki na miji ya mbali akiomba msaada kwa ajili ya watu wake.

Nilisimama darajani nikalisoma tena lile lango la mitihani mitatu. Miaka 15 baada ya kuwafungia ombaomba nje ya mji wake wa karatasi, mwenyewe alikuwa akiomba. Simcheki. Nataka tu kujua kama siku ile aliikumbuka ile orodha. Akabaki Calw hadi 1639, akaijenga tena kanisa na shule, ndipo akaitwa Stuttgart kuwa mhubiri wa ikulu, na huko akafa 1654.

Kikanisa cha darajani kilinusurika moto. Ndani kinatosha watu wachache waliobanana, na hakina upande wa wanaume.

Siku ya nne: mvua

Nilipanga Tübingen, ambako Andreae alisoma. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mguu wa kulia umevimba kwa sababu ya ngazi za juzi. Sijatoka chumbani.

Nimesoma Zekaria badala yake. Sura ya pili ina kijana mwenye kamba ya kupimia mkononi. Anaulizwa anakwenda wapi, anasema anakwenda kuupima Yerusalemu, ajue upana wake na urefu wake. Malaika anatumwa mbio amzuie: mji huo utakaliwa kama vijiji visivyo na kuta, kwa wingi wa watu na wanyama walio ndani yake. Nilisoma mara tatu nikikumbuka hatua zangu 291. Kila aliyeuwaza mji wa Kikristo amekwenda na kamba. Hata Yohana kule Patmo anamwona malaika mwenye mwanzi wa dhahabu wa kuupimia mji, na urefu na upana na kimo ni sawa, stadia 12,000 (kipimo cha kale cha umbali). Tofauti ni kwamba mji wa Yohana una ukuta lakini milango yake haifungwi kamwe. Andreae alichukua vipimo, malango akayaacha.

Kisha sura ya nane, mistari miwili ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Wazee wa kiume na wa kike watakaa tena katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya umri. Na njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Basi. Hakuna dhahabu. Mji unapimwa kwa nani anathubutu kukaa nje barabarani: mzee asiyeweza kukimbia na mtoto asiyejua kujihadhari.

Kitanda cha yule mtoto bado kimekunjwa mara nne ndani ya daftari. Usiku nimekichora mwenyewe, vibaya kuliko yeye.

Siku ya tano: Korntal

Treni ya S6, dakika chache tu kaskazini magharibi ya Stuttgart. Ukishuka huoni kitu cha ajabu. Nyumba nadhifu, baiskeli, mawe yaliyopangwa vizuri. Hata hivyo hiki ndicho kijiji ambacho miaka 200 iliyopita watu walihamia ili wamsubiri Kristo.

Kisa chake kinaanzia mbali, Indonesia. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka, majivu yakafunika anga, na mwaka uliofuata huku Württemberg jua halikuwaka vya kutosha. Mavuno yakaoza, watu wakafa njaa. Wacha Mungu waitwao Wapietisti tayari walikuwa na sababu nyingine ya kuhangaika: mwanatheolojia wao mpendwa, Johann Albrecht Bengel, aliyefariki 1752, alikokotoa kutoka Ufunuo kwamba mwaka 1836 ndio utakaofungua enzi ya Kristo. Njaa na hesabu vikakutana. Maelfu wakauza mali wakaelekea Urusi ya kusini na Kaukazi, wengine wakiamini huko ndiko mahali pa kukimbilia siku za mwisho zitakapofika.

Mfalme Wilhelm I aliona walipa kodi wake wakiondoka kwa mashua kwenye mto Danube. Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg, akampelekea pendekezo mwaka 1817: turuhusu tuwe na jumuiya yetu humu humu nchini, tujitawale katika mambo ya imani, nao watabaki. Mfalme akakubali. Mwaka 1819 Korntal ikaanza, na mwaka huo huo wakamaliza jengo lao la ibada, wanaloliita Ukumbi Mkuu. Miaka mitano baadaye wakaanzisha kijiji cha pili, Wilhelmsdorf, kwenye bwawa ambalo mfalme alitaka likaushwe. Huko barabara zinakutana kwa umbo la msalaba, na nyumba ya sala iko kwenye makutano. Kamba ya kupimia tena.

Ukumbi Mkuu hauna mnara wala mapambo ya kutisha. Nje unaweza kudhani ni nyumba kubwa ya mtu wa heshima. Nilikaa benchi la nyuma. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga maua aliniuliza nimetoka wapi, na nilipomwambia natafuta mji wa Kikristo wa kesho alicheka hadi akaweka maua chini. "Umechelewa," akasema, "tulikuwa tunautarajia 1836."

Hilo ndilo lililonivutia Korntal tangu mwanzo. Mwaka 1836 ulikuja, ukapita. Hoffmann mwenyewe aliishi miaka kumi zaidi. Kijiji hakikutawanyika. Walikuwa na mashamba, shule, na tangu 1823 nyumba ya kulea watoto maskini na yatima. Mtoto wa Hoffmann, Christoph, hakuridhika na kungoja. Alishiriki kuanzisha kundi la Watempla, ambao kuanzia 1868 walikwenda kujenga makoloni yao Haifa na kwingineko Palestina. Baba alisubiri mji ushuke, mwana akaenda kuufuata. Nilikuwa nimepanga kuandika kurasa nyingi juu ya hao wawili.

Sikuziandika. Jioni nilirudi kwenye ile nyumba ya watoto ya 1823, kwa sababu ndipo kilipokuwa kitanda. Nikasoma. Kuanzia 2014 watu wazima waliolelewa katika nyumba za watoto za jumuiya ya Korntal walijitokeza hadharani, na mwaka 2018 ikatoka ripoti ya uchunguzi kuhusu waliyofanyiwa, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1980: vipigo, kudhalilishwa, kazi za kulazimishwa, na unyanyasaji wa kingono. Jumuiya ilikiri na kuomba radhi, na waathirika wakalipwa fedha. Watoto waliokuwa na vitanda safi. Watoto waliosali kila siku.

Nimekaa na hilo hadi usiku. Sitaki kuligeuza kuwa fimbo ya kuupiga Ukristo, maana nyumba za watoto zisizo na msalaba ukutani nazo zimefanya hayo hayo. Na yule mama wa maua hakunikosea chochote. Lakini siwezi pia kusema ni ajali iliyotokea kando ya mji mzuri. Jinsi mji ulivyojengwa ilihusika. Kwa mtoto wa miaka saba, watu waliojitenga wawe watakatifu ni watu ambao hana wa kumwambia. Akimshtaki mlezi, anamshtaki kwa rafiki wa mlezi, ambaye ni mzee wa kanisa la mlezi, ambaye anaamini kwamba waovu wote wako nje.

Mitihani mitatu langoni, na ndani hakuna hata mmoja.

Siku ya sita: makaburini, na safari ya kurudi

Nilirudi Korntal asubuhi kwa ajili ya wafu. Katika makaburi ya zamani wamezikwa wanaume wawili ambao mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kuwapita bila kuvua kofia, hata kama ana maswali nao.

Wa kwanza ni Johannes Rebmann, aliyezaliwa 1820 Gerlingen, kijiji jirani. Alifika pwani ya Afrika Mashariki 1846, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika, na mabingwa wa Ulaya wakambishia. Alikaa huko miaka 29 mfululizo, akarudi 1875 akiwa kipofu, akafa hapa Oktoba 1876. Wa pili ni Johann Ludwig Krapf, mtoto wa mkulima kutoka Derendingen karibu na Tübingen, aliyefika Mombasa 1844. Aliishi Korntal miaka yake ya uzeeni na kufia hapa Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London mwaka uliofuata, yeye akiwa tayari chini ya udongo huu.

Krapf naye alikuwa mtu wa kamba. Aliwaza mnyororo wa vituo vya misheni kukata Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Lakini kinachonirudia leo si mnyororo. Juni 1844, wiki chache baada ya kufika Mombasa, alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi. Mkristo na kadhi wamekaa pamoja wakitafuta maneno ya bustani ya Edeni. Mwezi uliofuata mkewe Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na kichanga naye akafa. Wamezikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Kwa hiyo huyu mtu mzima aliyekuja kuzeeka katika kijiji cha wanaongoja alikuwa na kaburi la mtoto mbali sana. Nimesimama pale kwa muda. Manyunyu yameanza, nikaifunika ile karatasi ndani ya koti.

Sasa niko kwenye treni, na daftari limebakiza kurasa tatu. Nimechora. Sijachora mraba, maana mkono wangu hauwezi mistari minyoofu kwenye behewa linalotikisika, na baada ya Zekaria sidhani kama nauhitaji. Kuna njia inayopinda, mabenchi ya wazee wenye mikongojo, mfuko wa Calw (nimeuchora kama mfuko kweli, wa kitambaa, uning'inie mahali kila mtu anapoufikia), na uwanja wa Freudenstadt bila kasri. Hekalu sikuliweka. Yohana anasema hakuliona, nami nimechagua kumwamini.

Kitanda kimenisumbua. Nyumbani kwa wazazi, hilo ni rahisi. Kwa asiye na wazazi nimechora nyumba iliyo njiani kabisa, mlango unatazama barabara. Halafu nikafuta, nikaongeza ufunguo wa pili, nao nimeuweka mkononi mwa mtu anayeishi nje ya mji, ambaye si wa imani yetu, na ambaye anaweza kuja saa yoyote bila kubisha na kumwuliza mtoto: unalalaje hapa? Najua kuna wazee watakaoniambia kwamba mji wenye mpelelezi wa nje umekiri mapema kwamba si mtakatifu. Watakuwa sahihi. Ndiyo maana milango haifungwi.

Stuttgart imetangazwa. Jumapili, kabla ya somo, nitaanza kwa kulifuta lile jibu langu la kwamba huko hakuna usiku.